Farasi wa mbio za viunzi wanaporudi kazini: dalili, chanzo na la kufanya

Mbio za farasi za kuruka viunzi huko Uingereza na Ireland ni hasa mbio za majira ya baridi. Msimu wa Uingereza hufungwa kwenye uwanja wa Sandown mwishoni mwa Aprili. Farasi wengi huvuliwa viatu na kuachiwa malishoni, na ikifika Julai hurudishwa zizini na matumbo yaliyojaa nyasi na misuli iliyolegea. Wiki za kwanza ni kutembea barabarani na kwenda matiti, yaani kukimbia polepole. Agosti huanza shoti, yaani mbio za kasi, nyepesi za kupanda kilima, Septemba viunzi, Oktoba mbio za kwanza Chepstow na kwingineko. Matatizo mengi hujitokeza kati ya Julai na Oktoba, maana mwili uliostarehe miezi miwili unadaiwa kazi nzito zaidi kila wiki.

Saisi, yaani mtunza farasi, aliyejifunzia kazi uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, atakuta mengi anayoyajua: kusugua, kufunga bandeji, kuamka kabla ya jogoo. Lakini Ngong ni mbio za tambarare. Farasi wa viunzi ni mtu mzima, wengine wana miaka 10 na bado wanashindana, na mbio fupi kabisa kwao ni kama kilomita 3. Grand National, mbio maarufu ya viunzi ya uwanja wa Aintree, inakaribia kilomita 7, na mgongoni kuna mzigo wa kilo 63 hadi 76. Farasi wa namna hiyo huja na makovu ya misimu iliyopita, kwa hiyo dalili unayoiona leo inaweza kuwa na historia ndefu kuliko ajira yako.

Swali la kwanza kwa kila dalili ni hili: nini kilibadilika, na lini? Chakula, matandiko ya sakafu, fundi wa kwato, mpandaji, tandiko, njia ya mazoezi, kasi. Zizi lisilo na daftari haliwezi kujibu, na hapo ndipo watu huanza kubahatisha kwa dawa.

Kabla ya dalili yoyote: hali yake ya kawaida

Alfajiri, kabla hajatoka, tazama ndoo na sakafu. Amemaliza chakula? Maji yamepungua? Mavi ni mengi kama jana, na yana umbo? Kisha pima joto. Kati ya 37.5 na 38.5 ni sawa, ila farasi ambaye kila siku husoma 37.4 akikupa 38.3 amekuambia kitu, hata kama kitabu kinasema yuko salama. Mapigo ya moyo akiwa ametulia ni 28 hadi 44 kwa dakika. Mwisho ni miguu, na hiyo inataka maelezo yake.

Mguu wa mbele una joto nyuma ya muundi

Hii ndiyo dalili inayomkosesha mkufunzi usingizi, na anayo haki. Nyuma ya mfupa wa muundi, kati ya goti na kifundo, inapita kano inayonyumbuka na kurudi kila hatua. Katika shoti kali kiini chake hupata joto la hadi nyuzi 45, na nyuzi zake zikikatika hazirudi kama zilivyokuwa: hupona kwa kovu, na kovu halinyumbuki vizuri.

Namna ya kukagua: pitisha mgongo wa vidole, si kiganja, kutoka juu kwenda chini, mguu wa kushoto na wa kulia kwa wakati mmoja. Unatafuta tofauti. Kisha inua mguu, ukunje, na kwa dole gumba na cha shahada bana kano taratibu kidogo kidogo kutoka gotini hadi kifundoni. Akivuta mguu pale pale mara mbili, umepata mahali. Fanya hivyo kabla ya mazoezi. Baada ya mazoezi kila mguu una joto.

Sasa chanzo. Usikimbilie kano. Kwanza tafuta jeraha: ukwato wa nyuma hugonga mguu wa mbele, na mwiba wa uzio wa njiani huingia usionekane. Pili, bandeji ya jana. Iliyokazwa kupita kiasi, au iliyofungwa juu ya pamba iliyojikunja, huacha uvimbe mdogo wenye ukingo dhahiri unaofuata mstari wa bandeji, na mara nyingi hupungua ndani ya siku moja. Tatu, vifuko laini vya maji pembeni mwa kifundo: vikiwa baridi, viko miguu yote miwili, na farasi hachechemei, huenda amekuwa navyo tangu msimu wa juzi. Muulize aliyekutangulia.

Kama hakuna jeraha, hakuna alama ya bandeji, na pale pale panauma, hesabu kuwa ni kano mpaka ithibitishwe vingine. Kazi inasimama siku hiyo hiyo. Maji baridi au barafu, kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, na daktari. Mtego uko hapa: baada ya siku tatu au nne joto hushuka, uvimbe hupungua, farasi hachechemei, na kila mtu anataka kuamini lilikuwa jambo dogo. Picha ya ultrasaundi ipigwe baada ya wiki moja hadi siku 10 hivi, kwa sababu siku za mwanzo tundu ndani ya kano linaweza kuwa bado linapanuka. Likionekana, msimu huo umekwisha. Kurudi mbioni huchukua miezi 9 hadi 12 au zaidi. Anayerudishwa mapema hurudi na tundu kubwa zaidi.

Chanzo cha ndani zaidi mara nyingi ni ratiba. Mapafu na moyo hupata nguvu upesi, ndani ya wiki chache. Mifupa na kano huchelewa. Farasi wa wiki ya sita anahisi anaweza kuruka ukuta wa jiji, na mpandaji kijana anamwachia. Ndiyo maana mazizi ya zamani yalishikilia wiki nyingi za kutembea tu barabarani, na mimi nasimama upande wao, hata kama njia za mchanga na nyuzi za zulia za siku hizi ni laini kuliko nyasi zilizokaushwa na jua la Agosti.

Miguu ya nyuma yote miwili ikijaa asubuhi na kupungua baada ya kutembezwa ni habari nyingine kabisa: amesimama sana, amelishwa nafaka nyingi, au vyote viwili. Mguu mmoja tu ukivimba hadi juu, ukiwa na joto na maumivu makali, pima joto la mwili na umwite daktari bila kungoja. Maambukizi chini ya ngozi huenda mbio.

Anachechemea ghafla na mguu hauna uvimbe

Jana alikuwa mzima, leo hawezi kukanyaga. Anza na ukwato. Gusa kama una joto kuliko mwenzake, kisha tafuta mshipa wa damu nyuma ya kifundo: ukidunda kwa nguvu, kuna jambo ndani ya ukwato. Uliza lini fundi alipita. Msumari uliopigwa karibu mno na nyama huonekana siku moja hadi chache baadaye, na kuuvuta tu kunaweza kumaliza shida. La sivyo ni jipu, ambalo hupenda mvua za kwanza baada ya kiangazi, nyayo zinapolainika na uchafu kupenya. Koleo la kupimia kwato huonyesha mahali. Fundi au daktari atatoboa, usaha utoke, kisha dawa ya kukanda ya moto kwa siku chache. Nafuu yake huonekana siku hiyo hiyo.

Ila kuna hali moja ya hatari inayofanana na hii. Farasi aliyekwenda shoti kali, akarudi anachechemea mguu wa nyuma, hana uvimbe wala joto popote, na baada ya siku mbili anatembea vizuri. Huo unaweza kuwa ufa wa mfupa wa nyonga au wa paja la chini. Ukimrudisha kwenye kasi, ufa hugeuka kuvunjika kabisa. Mpaka daktari aseme, asitoke zizini.

Kwato mbovu si lazima ziwe mwisho wa safari. Red Rum, aliyeshinda Grand National mwaka 1973, 1974 na 1977, alikuwa na ugonjwa wa mfupa wa ndani ya ukwato. Mkufunzi wake, Ginger McCain, alimfanyisha mazoezi kwenye mchanga wa pwani ya Southport na kumwingiza baharini.

Anakohoa

Kikohozi kimoja anapoanza kwenda matiti hakimstui mtu. Viwili na kuendelea, andika. Halafu hesabu: ni farasi mmoja au wangapi?

Mmoja, joto la kawaida, anakula, anakohoa zaidi akiwa anakula au mazoezi yanapoanza: tuhumu vumbi. Huyu ametoka malishoni kwenye hewa safi akaingizwa chumbani kwenye nyasi kavu na majani ya ngano sakafuni. Fungua robota la nyasi juani, ulipige kofi. Ukiona wingu, ndicho anachovuta usiku kucha. Loweka nyasi kwa dakika 10 hadi 30, au zipikwe kwa mvuke kama zizi lina sanduku la kazi hiyo, au mpe nyasi za kufungwa zenye unyevu. Kumbuka jirani: ukimwekea yeye maranda yasiyo na vumbi na wa chumba cha pili akabaki kwenye majani makavu, wanavuta hewa moja. Na ufagio usipite wakati farasi wako ndani. Hili nimeliona likibishaniwa kuliko dawa yoyote, kwa sababu saa ya kufagia ni desturi na desturi haina daktari.

Wengi kwa pamoja, joto juu ya 38.5, kamasi, tezi chini ya taya zimevimba: hayo ni maambukizi. Watenge, kila mmoja na ndoo yake na hatamu yake, na anayewahudumia asiende kwa wazima. Mafua ya farasi husambaa kwa kasi ya ajabu. Februari 2019 mbio zote Uingereza zilisimamishwa kwa siku 6 kwa sababu hiyo, ingawa farasi walikuwa wamechanjwa.

Kati ya hizi mbili kuna kundi gumu: farasi hakohoi wala hana joto, ila shoti yake ya pili ni nzito. Hapo daktari huingiza kamera puani hadi kwenye bomba la hewa na kuosha sampuli ya makamasi. Ukiongeza kasi juu ya mapafu machafu, unafungua mlango wa kutokwa damu mapafuni. Damu puani huonekana kwa wachache tu; kwa wengi hubaki ndani na huonekana kwa kamera kama nusu saa hadi saa moja na nusu baada ya shoti.

Jambo dogo kuhusu lori: farasi aliyefungwa kichwa juu kwa saa nyingi hawezi kuteremsha makamasi. Safari ndefu, simama, mlegeze, ashushe kichwa.

Misuli ya nyuma imekaza, hataki kusogea

Anatoka vizuri, baada ya dakika chache hatua zinafupika, anatoka jasho kupita kazi aliyofanya, misuli ya kiunoni na mapajani ni migumu kama mbao. Akikojoa, mkojo ni rangi ya kahawa. Misuli inavunjika na rangi yake inapitia kwenye figo.

Usimtembeze arudi nyumbani, hata kama ni mita 500. Lete gari, mfunike kiunoni, mpe maji, ita daktari. Damu itaonyesha vimeng'enya vya misuli vimepanda kiasi gani, na vipimo hivyo ndivyo vitakavyosema lini anaweza kurudi kazini, si macho yako.

Chanzo cha kawaida kiko kwenye ndoo. Wazee waliuita ugonjwa wa Jumatatu asubuhi, kwa sababu farasi wa kazi walipumzika Jumapili na bado walilishwa nafaka ya siku ya kazi. Kwa hiyo siku ya kupumzika nafaka ishuke jioni ya kuamkia, na farasi atoke hata kwa kutembezwa au saa moja kiwanjani. Majike wenye wasiwasi hupatwa zaidi. Kwa anayerudiwa na tatizo hili, daktari hupunguza wanga na kuweka mafuta kama chanzo cha nguvu, na kuangalia chumvi.

Anaacha nafaka

Angalia anachoacha. Anayeacha kila kitu ana homa au maumivu, pima joto. Anayetafuna na kudondosha vitonge ana meno makali. Anayekula nyasi akaacha nafaka, akawa mkali anapofungwa mshipi wa tandiko, ana uwezekano mkubwa wa vidonda vya tumbo. Tumbo la farasi hutoa asidi saa zote, ale asile, na shoti huirusha asidi hiyo juu, sehemu isiyo na kinga. Mpe majani makavu yaliyokatwakatwa, ujazo wa bakuli, kabla ya mazoezi, ili asidi ikute mkeka. Nafaka igawanywe milo midogo, nyasi zisikatike. Dawa zipo na zinafanya kazi, lakini uliza siku za dawa kuisha mwilini kabla ya kumwandikisha mbio yoyote. Kama kila kipimo ni safi, basi amechoshwa. Wiki moja ya kazi nyepesi si hasara.

Pumzi ina sauti

Wiki za kwanza mnene yeyote hukoroma, acha apungue. Mluzi au ngurumo anapovuta pumzi, unaozidi kadiri anavyoiva, mara nyingi ni upande wa kushoto wa zoloto uliolegea kwa sababu ya mshipa wa fahamu. Sauti ya kugugumia inayokuja ghafla na kumsimamisha ni kaakaa laini. Kamera inayovaliwa akiwa shotini ndiyo inayoamua, maana akisimama kila kitu kinaweza kuonekana sawa. Akifanyiwa upasuaji wa njia ya hewa, tangu Januari 2018 mkufunzi wa Uingereza lazima autangaze kabla ya mbio inayofuata.

Anaruka akivutika upande mmoja, au ameanza kusita

Hapa ndipo lawama hupotea njia. Farasi aliyeruka vizuri Machi, Septemba anaruka kila kiunzi akielekea kushoto, na neno la kwanza utakalosikia ni "mjeuri". Nenda kwa utaratibu.

Simama upande wa kutua, si wa kurukia. Akitua na kuchomeka miguu ya mbele kwa hatua fupi, maumivu yako mbele: kwato au kifundo. Akiruka kwa kujipinda hewani, nyuma ikienda upande, anaukwepa mguu mmoja wa nyuma wakati wa kusukuma, na goti la nyuma ndilo mtuhumiwa. Akiinua kichwa na kuruka mgongo ukiwa bapa, tazama tandiko. Tandiko lililomkaa vizuri Machi halimkai Agosti, misuli ya mgongo ikiwa haijarudi. Hapo pia ndipo mifupa ya uti inayosuguana hujulikana.

Kama hatua zake ni safi, badilisha kitu kimoja kimoja. Mpandaji mwingine: mikono mizito upande mmoja humfundisha farasi kupinda. Lijamu na meno. Kisha uelekeo: kama ukuta wa mazoezi siku zote uko kulia, farasi amejifunza kuukimbia, wala hana ugonjwa. Geuza njia, aruke kutoka upande wa pili.

Anayesita huenda haoni. Macho ya farasi hutofautisha rangi kwa aina mbili tu za chembe, na rangi ya chungwa kwenye nyasi za kijani humfifilia. Ndiyo maana viwanja vya Uingereza vilianza mwaka 2022 kubadilisha chungwa kuwa nyeupe, vikitangulia vya Exeter. Kama viunzi vya nyumbani bado ni vya chungwa, paka rangi. Ni kopo moja na alasiri moja.

Na asirushwe sana. Viunzi vya mbio ni kama mita 1.07, vizuizi vikubwa vya matawi ni mita 1.37 au zaidi. Anayevijua hahitaji kukumbushwa kila asubuhi.

Ngozi

Mshipi huchuna ngozi iliyolainika malishoni: maji ya chumvi, mshipi safi, kitambaa cha manyoya, siku chache bila tandiko. Vigaga vya matope miguuni huja kwa unyevu. Acha kuosha miguu kila siku kwa mpira, tope likauke, lipigwe brashi.

Mzima kila upande, ila hana mbio

Damu kwanza, kisha moyo. Mdundo usio na mpangilio unaweza kuja wakati wa shoti na kutoweka ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo daktari asikilize siku ile ile, si wiki ijayo. Farasi Denman alishinda Gold Cup, mbio kubwa ya uwanja wa Cheltenham, Machi 2008, na kabla ya msimu uliofuata moyo wake ukakutwa hauna mdundo sawa. Alitibiwa, akarudi, akawa wa pili kwenye Gold Cup ya 2009. Farasi mwingine, Sprinter Sacre, alisimamishwa katikati ya mbio uwanja wa Kempton, Desemba 2013, kwa sababu hiyo hiyo. Ilimchukua hadi Machi 2016 kulitwaa tena taji lake la Champion Chase, mbio nyingine kubwa ya Cheltenham.

Karatasi

Kuna farasi asiye na dalili hata moja anayerudishwa kutoka uwanjani bila kukimbia. Pasipoti yake ina tarehe za chanjo ya mafua, na tarehe iliyopitwa haina rufaa siku ya mbio. Zipitie zote Julai, si Oktoba. Chanjo huweza kumlegeza siku moja mbili, na kuna siku za kungoja kabla ya kukimbia, kwa hiyo ipangwe wiki ya kazi nyepesi, mbali na shoti kali na mbali na siku ya kumwandikisha.